Pingamizi la Yunisi

Wiki iliyopita nilikomea pale sauti ya Mzee Zefania ilipoingia kwenye simu yangu. Kwa wewe uliyekuwa shambani gazeti likakupita, nitakusogeza haraka.

Mimi ni Agripina, wengi wananiita Mama Raheli. Nina miaka hamsini na minne. Miaka minne iliyopita, kijijini kwetu huko Mkalama, Yunisi, mke wa shemeji yangu Naftali, alifiwa na mtoto wake wa mwisho, Agnes, wa miaka mitatu. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Siku moja kabla hajaugua nilikuwa nimembeba mgongoni. Mimi ni mjane, na macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni tangu ujana wangu.

Hayo yakatosha. Siku ya tatu baada ya mazishi, asubuhi, Yunisi alisimama uani akaninyooshea kidole mbele ya ukoo mzima, akasema mchawi ni huyu. Naftali na wenzake wawili wakaja na marungu na panga.

Nilipona. Nyumba yangu haikupona. Shavu langu la kushoto lina mstari unaotoka sikioni hadi kidevuni, na mkono wangu wa kulia haupandi juu ya kifua. Wanaume wale watatu wako gerezani. Binti yangu Raheli akanichukua kwake Utemini, mjini, na huko nikaanza kwenda kwenye ibada ya maombi ya uponyaji kila Jumatano, kumwomba Mungu aninyooshee mkono.

Mungu akanipa mwanaume.

Cheka tu. Hata mimi nacheka peke yangu jikoni, mpaka Raheli anachungulia kuona kama nimepatwa na kitu.

Zefania ni mrina asali kutoka Mitundu, mgane, ana miaka sitini na mmoja. Alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa binti yake anayekaa Unyambwa, akaingia kwaya yetu. Anaimba besi, na kila mara yuko mbele ya wenzake kwa nusu mstari, kama mtu anayewahi safari. Wiki za kwanza tulisalimiana tu. Wiki ya tano akaniuliza kama lile kovu la shavuni linaniuma wakati wa baridi. Watu wengi walikuwa wameniuliza limetokana na nini. Kama linauma, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mwezi wa saba linauma. Jumatano iliyofuata akaniletea chupa ndogo ya asali na nta ya kupaka, amefunga kwa gazeti. Nilipofika nyumbani nikalala kitandani na viatu.

Basi, ile sauti.

Alitaka kunitumia mimi peke yangu. Macho yake ni yale ya kutibiwa, akabonyeza kundi la kwaya. Watu sitini na wawili tukamsikia akijitambulisha kwa jina na kwa kijiji, akisema amekaa mgane miaka sita, kwamba meno yake yapo yote isipokuwa mawili, kwamba tangu amwone Mama Raheli, anayekaa kiti cha tatu kutoka dirishani, ameshindwa kuimba sawasawa. Akasema anaomba kunioa kanisani, kwa heshima zote, na nikikataa atahamia kwaya nyingine kwa sababu hapa atakosa pumzi. Akamalizia kwa kusema Amina, kama vile ni sala.

Kabla sijavaa miwani, watu arobaini walikuwa wameshaandika Amina.

Nilikaa na simu mkononi, jasho linanitoka kama msichana aliyeitwa ubaoni. Kisha na mimi nikaandika Amina. Hapo hapo, kundini, mbele ya wote. Ndivyo nilivyochumbiwa, na ndivyo nilivyokubali.

Sasa nikuambie jambo ambalo wiki zote hizi nimekuwa nikilizunguka. Nilikuwa na uongo, na ndoa yangu ilikuwa imejengwa juu yake.

Katika ibada zile, mtu aliyeponywa husimama mbele kutoa ushuhuda. Mimi nilikwenda Jumatano ishirini na mkono haukupanda. Niliona haya. Watu walikuwa wamefunga na kuomba, wameniwekea mikono, wamelia kwa ajili yangu, na mimi sina cha kuwapa. Basi Jumatano moja nikasimama nikasema mkono bado, lakini moyo umepona. Nikasema nimewasamehe wote walionipiga, na zaidi ya wote nimemsamehe Yunisi aliyeninyooshea kidole. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mchungaji Hezekia akafuta machozi.

Sikuwa nimemsamehe mtu. Nilikuwa namchukia Yunisi kwa bidii, kila siku, kama mtu anavyopalilia shamba.

Niliporudi kukaa, nilimwona mzee mmoja mgeni kwenye benchi la nyuma amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Alikuwa Zefania. Ilikuwa siku yake ya kwanza.

Baada ya ile Amina yangu kundini, mambo yalikwenda mbio. Raheli alikasirika siku moja, ya pili akaanza kunipimia gauni. Binti yake Zefania alinijia na kuku wawili na shikamoo ndefu. Nikaacha kujifunika shavu kwa kitenge. Nilikuwa natembea Utemini uso wazi, nasalimia hata watu nisiowajua, na jirani mmoja akamwuliza Raheli kama mama yake ameanza dawa mpya.

Mchungaji Hezekia ndiye aliyenipunguza mwendo. Alituita ofisini, akatueleza kwamba jina langu bado limo kwenye kitabu cha usharika wa nyumbani, kwa sababu nilikimbia bila barua. Kwa hiyo ni lazima tangazo la ndoa lisomwe na kule kijijini, na mwinjilisti wa kule aandike barua ya kunitambulisha. Akasema kwa upole kwamba anajua yaliyonipata, na kwamba ataagiza kila kitu kwa simu, mimi nisihangaike kwenda.

Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Mchungaji aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtakatifu. Zefania alinishika mkono. Wote wawili walidhani ni upendo unaonipeleka.

Ukweli ni huu. Nilitaka wanione. Nilitaka Yunisi akae kwenye benchi lake, mume wake gerezani, asikie jina langu likisomwa pamoja na la mwanaume mwenye ardhi na mizinga mia mbili. Nilimwambia Raheli anishonee gauni la njano, njano ya alizeti ya mwezi wa tatu, ili hata mwenye mtoto wa jicho anione. Raheli akaweka mkasi chini, akaniuliza nakwenda kwa watu waliotaka kuniua kufanya nini hasa.

Nikamwambia nakwenda kusali. Akaokota mkasi, akaendelea kukata kitambaa.

Tuliondoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwa pikipiki ya Zefania. Watu wazima wawili, gauni la njano limekunjwa chini yangu lisichafuke, mkono wangu mmoja mzima umemzunguka kiunoni kwa sababu mwingine hauwezi. Barabara ni ya vumbi na mawe. Kila shimo tulilopiga nilicheka. Alianza kuimba besi, mbele kwa nusu mstari kama kawaida, na mimi nikamfuata kwa soprano mpaka kofia ngumu ikanishuka machoni nikawa siioni njia, ila mgongo wake tu. Sikuwa na haja ya kuona kitu kingine.

Tulisimama mahali kupumzisha kiuno. Akanipa maji ninywe kwanza. Kisha akaniuliza kama najua ni nini hasa kilichomfanya anipende.

Nikasema labda ni sauti yangu. Akasema hapana, sauti ni ya kawaida.

Akanisimulia habari ya jirani yake kule Mitundu, mtu anayeitwa Ignas. Waligombania mpaka wa pori, na Ignas akaichoma moto mizinga arobaini ya Zefania. Nyuki waliungua, wengine wakazagaa siku nzima hawana pa kurudi. Kwa miaka kumi na moja hawakusalimiana. Ignas alipofiwa na mkewe, Zefania hakwenda msibani. Zefania alipofiwa na wake, Ignas hakuja.

"Halafu nikakusikia wewe Jumatano ile," akasema. "Mwanamke amekatwa shavu, amesamehe. Mimi nimechomewa mizinga, nimeshindwa. Nikapanda basi kesho yake, nikaenda nikagonga mlango wa Ignas. Ndiye atakayenisimamia kwenye ndoa yetu."

Maji yalinipalia. Alinipigapiga mgongoni, akidhani nimekunywa haraka.

Ningeweza kumwambia pale. Barabara ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu. Lakini nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kuigusa. Nikamwambia twende, tutachelewa ibada.

Kanisa lilikuwa limejaa tulipoingia. Ni lile lile, la bati, nililosaidia kubebea mchanga wake wakati wa kujenga. Nilivuka katikati kwa gauni la njano, kidevu juu. Wanawake walisogea kunipisha zaidi ya nafasi niliyohitaji. Mmoja alinisalimia kwa sauti ndogo, Bwana Yesu asifiwe, macho yake kwenye sakafu. Nikamjibu Amina kwa sauti kubwa makusudi.

Yunisi alikuwa benchi la tatu. Nilimtambua kwa shingo tu. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwani kimempwaya. Nikajisikia vizuri. Nakuambia ukweli, msomaji: nilijisikia vizuri sana.

Mwinjilisti Ezekieli ni mzee mpole aliyenibatizia Raheli. Baada ya mahubiri akafungua karatasi, akakohoa, akasoma kwamba kuna tarajio la ndoa kati ya Zefania wa Mitundu na Agripina, mjane wa marehemu Abraham wa kijiji hiki. Akasoma maneno yanayofuata, kwamba mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii aseme. Alishaanza kuikunja karatasi, maana hakuna anayesemaga.

"Mimi nina pingamizi."

Yunisi alikuwa amesimama.

Nilisikia mabenchi yote yakilia kwa pamoja, watu wakigeuka. Zefania aligeuka kutoka upande wa wanaume akanitazama mimi. Damu ilinipanda mpaka kwenye kovu. Nikajisemea, sawa, niite tena mchawi, leo nina mashahidi.

Ezekieli alimwuliza kwa shida pingamizi lake ni nini.

"Huyu ni mke wa ukoo wetu," Yunisi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hawezi kuolewa akitokea nyumba ya kupanga kule mjini, kama mtu aliyeokotwa. Kwao ni hapa. Nataka atokee nyumbani kwangu. Nimpikie, nimwogeshe, nimvishe, nimtoe mlangoni mwangu kwa vigelegele. Asipotokea kwangu, mimi nakataa."

Kisha akatoka kwenye benchi lake. Alitembea mpaka nilipokaa na akanishika mkono, ule wa kulia. Aliushika ukiwa chini, bila kuuvuta. Alikumbuka ni upi.

Upande wa wanaume nikasikia Zefania akisema Haleluya, sauti imekatika. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, wengine wakamdaka. Kanisa zima likawa linalia na kucheka. Watu walionifungia milango siku ile, sasa wananipungia vitambaa. Neno moja tu lilibaki, na lilikuwa kinywani mwangu. Ningesema nakubali, tungekumbatiana, ngoma ingelia, na mimi ningeondoka pale mtakatifu kamili, nimepanda nyuma ya pikipiki ya mwanaume anayenipenda.

Nikatazama mkono wa Yunisi juu ya wangu. Kucha zake zilikuwa na udongo wa shamba, alikuwa analima peke yake sasa.

"Sijakusamehe," nikasema.

Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine.

Nikasimama, kwa sababu nilijua nikibaki nimekaa sitamaliza. Nikasema mbele ya wote kwamba kule Utemini nilitoa ushuhuda wa uongo. Kwamba sikumsamehe Yunisi wala Naftali wala yeyote aliyekuwa uani siku ile, na baadhi yao wamo humu humu kanisani. Kwamba gauni hili nimelishona ili Yunisi aumie. Kwamba nimepanda pikipiki kwa saa tatu nzima kuja kumwangalia akiumia, na nimemwona amekonda, na nimefurahi.

Nilipomaliza, jambo la ajabu lilinitokea. Nikawa mwepesi. Nilikuwa nimeharibu kila kitu na bado nilijisikia kama mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima. Kicheko kilikuwa kinanipanda kooni na nikakibana kwa meno.

Nilimsubiri Yunisi aniachie mkono. Hakuniachia.

"Najua hujanisamehe," akasema, polepole, kwangu mimi tu, ingawa kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia. "Na mimi, dada, kuna siku bado naamini ni wewe. Naamka naamini. Nikifika kisimani najua si kweli. Nikirudi naamini tena. Nimechoka. Lakini watoto wangu wakubwa wamemsahau Agnes. Baba yake yuko ndani. Hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka alivyokuwa anacheka mgongoni kwako. Njoo tu. Hata bila kunisamehe, njoo."

Nilikuwa nimekuja na majibu ya matusi yote, na ya laana zote, nimeyapanga njia nzima. La hilo sikuwa nalo.

Ndipo nikasikia benchi likisogea upande wa wanaume.

Zefania alikuwa amesimama. Hakunitazama. Alichukua kofia yake kwenye goti la jirani, akaivaa pale pale, ndani ya kanisa, mbele ya msalaba, mzee ambaye hata akipita nje ya kanisa huvua kofia. Akatembea mpaka mlangoni akatoka.

Nilimfikiria Ignas. Nilifikiria mlango ule wa Mitundu uliogongwa kwa sababu ya maneno yangu ya uongo, na nikajiuliza kama mlango uliofunguliwa kwa uongo hujifunga wenyewe.

Mwinjilisti Ezekieli alikuwa bado ameshika karatasi, nusu imekunjwa. Akaniuliza kwa adabu, kama vile anauliza habari ya mvua, "Mama Raheli, tangazo hili tuliache au tuendelee nalo?"

Nikamwambia asubiri kidogo.

Kisha nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, gauni la njano nimelipandisha mpaka magotini kwa mkono wa kushoto, nakimbia katikati ya kanisa huku watu wakivuta miguu yao ndani. Na Yunisi nyuma yangu, anakimbia pia, kwa sababu hajaniachia mkono. Nilimwambia aniache. Akasema hapana, wewe kimbia.

Tulitoka kwenye jua, macho yakatuumia. Pikipiki ilikuwa pale pale tulipoiacha. Zefania alikuwa amesimama kando yake, ametupa mgongo, mikono yote miwili juu ya usukani, kichwa ameinamisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini kwa nyuma, kilio na kicheko ni kitu kimoja.

Yunisi akaninong'oneza, pumzi zimemwisha, "Huyu ndiye?"

Nikasema ndiyo, ndiye.

"Mwite basi."

Nikamwita kwa jina, bila Mzee, bila Baba, jina tupu kama anavyoitwa mume. Mabega yakaacha kutikisika. Akavua kofia, akaanza kugeuka.